Mbwa wa manyoya mafupi anahitaji mkono kuliko sabuni

Ndugu Mhariri,

Kila mwaka Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ikikaribia, magazeti na redio hutukumbusha kuwapeleka mbwa wetu wakachanjwe kichaa. Ni jambo jema na lisiachwe. Ila mbwa akishadungwa sindano ile hurudi nyumbani, na kuanzia hapo hakuna mkono unaomgusa mpaka kampeni ya mwaka unaofuata. Naomba nafasi niseme na wafugaji wenzangu juu ya hizo siku nyingine 364. Nazungumzia mbwa tulio naye wengi wetu: wa kienyeji, au chotara wa kienyeji na mbwa wa kizungu, manyoya mafupi, uzito wa kilo 15 hadi 25, mchana analala uani na usiku analinda.

Kwa kuwa manyoya yake ni mafupi, mbwa huyu huonekana hana haja ya kutunzwa. Miezi inapita. Siku akianza kunuka, au akijikuna mpaka damu, ndipo anamwagiwa kila kilichopo: sabuni ya unga, dawa ya josho, mafuta ya taa, na wengine humpaka oili chafu ya gari. Nusu mwaka hapati kitu, halafu anapata vyote kwa siku moja.

Ngozi yake haiwezi mpango huo. Tabaka la juu la ngozi ya mbwa lina safu 3 hadi 5 tu za seli, nyembamba kuliko letu sisi. Tena ngozi ya binadamu ina uchachu kidogo, pH yake (kipimo kinachopanda kadiri uchachu unavyopungua) ni karibu 5.5, wakati ya mbwa iko jirani na 7. Sabuni ya mche ina pH ya 9 hadi 10, na ya unga hupanda zaidi ya hapo. Ukimsugua nayo, mafuta ya asili yanayolinda ngozi yanaondoka yote. Baada ya siku mbili ngozi inakauka na kutoa magamba meupe, mbwa anajikuna, kucha zinamchana, vijidudu vinaingia kwenye michubuko, harufu inarudi. Mwenyewe anasema, "Huyu mbwa mchafu sana, nimemuosha juzi tu," anaongeza sabuni. Mbwa wengi wanaosemwa kuwa wana ngozi mbaya wamefikishwa hapo na sabuni.

Oili chafu nayo ina sifa isiyostahili. Huonekana kama inaponya upele kwa sababu hulainisha magamba na kuziba baadhi ya vijishimo vya utitiri. Lakini imejaa masizi, mabaki ya mafuta yaliyoungua na vumbi la vyuma vilivyosagika ndani ya injini, na mbwa atailamba yote, kwa maana hana namna nyingine ya kujisafisha. Mafuta ya taa huunguza ngozi, na akiyalamba yanaweza kupita njia isiyo yake yakaingia mapafuni. Hivi viwili viachwe kabisa, hata kwa kiasi kidogo.

Kazi kubwa kwenye manyoya mafupi hufanywa na brashi. Maji huja nyuma sana. Brashi inayofaa ni ya mpira yenye meno butu, inayoingia kiganjani. Usipoipata, glavu ya mpira yenye vipele hufanya kazi karibu ileile, na dodoki lililoloweshwa kidogo na kukamuliwa hufanya nusu yake. Brashi ya nyaya za chuma ni ya mbwa wa manyoya marefu. Kwa huyu wa manyoya mafupi, nyaya hupita moja kwa moja mpaka kwenye ngozi na kuacha mistari myekundu. Mbwa anayekimbia akiona brashi mara nyingi aliwahi kuchanwa nayo.

Anza mbwa akiwa mkavu. Pitisha brashi kwa miduara midogo, kinyume na ulalo wa manyoya, kutoka shingoni kuelekea kiunoni, ili kung'oa yaliyokufa na kuinua vumbi. Kisha rudia kwa kufuata ulalo. Penye mfupa karibu, yaani viwiko, nyonga na miguu chini ya goti, punguza nguvu au tumia kiganja kitupu. Malizia kwa kipande cha kanga kuukuu kilicholowa kidogo, ukikivuta kutoka kichwani hadi mkiani. Hapo ndipo mng'ao unapotokea, kwa sababu kitambaa husambaza mafuta ya ngozi yenyewe kwenye unywele wote. Dakika 10 kwa wiki zinatosha.

Kwa chotara, fanya kipimo kimoja kabla ya kuamua ratiba. Panua manyoya ya paja kwa vidole viwili. Ukiona ngozi mara moja, ana tabaka moja kama mbwa wengi wa kienyeji. Ukikuta chini kuna manyoya mengine laini, ya rangi hafifu, kama pamba, basi amerithi koti la pili kutoka kwa German Shepherd au Labrador aliye kwenye ukoo wake, hata kama kwa juu anaonekana laini kama wenzake. Huyo apigwe brashi mara mbili kwa wiki, maana manyoya yale ya chini yakifa hubaki yamenasa, hushika unyevu, na wakati wa masika huvundia papo hapo. Wanaofuga Ulaya huzungumza juu ya misimu miwili ya kupukutisha. Kwetu, karibu na ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana, kwa hiyo mbwa hupukutisha kidogokidogo mwaka mzima. Usisubiri msimu.

Na tafadhali, usimnyoe kwa kudhani unampunguzia joto. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na manyoya yale mafupi ndiyo kivuli cha ngozi yake. Mbwa mweupe mwenye ngozi ya waridi tumboni na puani huungua jua hata bila kunyolewa, na anayelala chali juani miaka mingi anaweza kupata saratani ya ngozi sehemu hizo.

Wakati mkono mmoja umeshika brashi, mkono mwingine usome. Hapa ndipo faida ya kumtunza mbwa nyumbani ilipo, na ndipo ninapotaka msomaji akae zaidi. Vidole vipite ndani ya masikio, nyuma ya masikio, chini ya mkanda wa shingoni, makwapani, kinenani, chini ya mkia na katikati ya kila kidole cha kila mguu. Kupe hawakai mgongoni wakasubiri kuonekana. Hujificha kwenye mikunjo yenye ngozi laini na joto. Kupe wa kahawia wa mbwa, aliyeenea miji yetu yote, hubeba vimelea vya homa ya kupe vya aina mbili kuu. Vya kwanza huvunja chembe nyekundu za damu, mkojo ukawa mweusi kama kahawa. Vya pili hushambulia chembe nyeupe na kupunguza zile za kugandisha damu, mpaka mbwa akatokwa damu puani bila kugongwa.

Kupe mmoja mmoja aondolewe kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta taratibu, moja kwa moja, bila kumsokota. Mtumbukize kwenye spiriti. Wale wanaomchoma kwa sigara au kumdondoshea mafuta ya taa humfanya atapike mate yake ndani ya mbwa kabla ya kuachia, na mate hayo ndiyo yenye vimelea. Kumpasua kwa kucha za vidole ni kujipaka damu yenye vimelea wewe mwenyewe. Shimo jekundu linalobaki lipakwe dawa ya kidonda kidogo, linapona.

Viroboto huonekana kwa alama zao kuliko wao wenyewe. Chana manyoya juu ya mkia kwa kitana chenye meno yaliyobanana, kung'uta uchafu mweusi juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa, subiri dakika moja. Chembe zikitoa rangi ya kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya mbwa wako iliyosagwa. Zikibaki nyeusi, ni vumbi la kawaida.

Miguuni kuna mambo mawili ya kwetu ambayo vitabu vingi vya ughaibuni havina habari nayo. Funza huingia kwenye nyayo na pembeni ya kucha za mbwa kama anavyoingia kwa mtoto asiye na viatu, na mbwa mwenye funza huendelea kudondosha mayai uani hata kama familia yote imeshatibiwa. Kuna pia buu wa yule nzi anayetaga kwenye mchanga wa kivulini wenye harufu ya mkojo na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, huyu huyu anayefanya tupige pasi nguo pande zote mbili. Kwa mbwa huonekana kama kinundu chenye kitundu katikati kinachotikisika. Pakaa mafuta ya mgando ukizibe, acha nusu saa akose hewa, kisha bana kwa vidole kutoka pande mbili mpaka atoke mzima. Akipasukia ndani, pale patavimba na kutunga usaha.

Chini ya mnyororo ndiko kunakosahaulika kuliko kote. Mbwa anayefungwa kwa mnyororo juu ya shingo tupu huota kidonda chembamba kinachozunguka shingo yote, manyoya yakakifunika, nzi wakataga ndani. Kila wiki mkanda uvuliwe, shingo ipanguswe na ikaguliwe, na ukirudishwa vidole viwili vilale chini yake bila kubanwa. Mnyororo ukilazimu, uunganishwe na mkanda mpana wa kitambaa au ngozi, usigusane na shingo.

Sasa kuoga. Mbwa wa manyoya mafupi anayepigwa brashi kila wiki anatosheka na kuogeshwa mara moja katika wiki 6 hadi 8. Akigaagaa kwenye mzoga, siku hiyohiyo, hilo halina ratiba. Watoto wa mbwa walio chini ya wiki 8 wafutwe tu kwa kitambaa cha uvuguvugu, maana hawawezi kutunza joto lao. Mbwa mgonjwa mwenye homa asiogeshwe.

Chagua saa 4 au 5 asubuhi, jua likiwa limepanda, ili akauke kabla ya jioni. Iringa, Njombe na Arusha mwezi Juni na Julai maji yapashwe moto mpaka uvuguvugu unaopimwa kwa kiwiko. Pwani, kinyume chake, dumu lililoachwa juani linaweza kutoa maji ya kuunguza, kwa hiyo kiwiko kitumike huko pia. Mpige brashi kwanza, kila mara, kwa sababu manyoya yaliyokufa yakilowa hugandamana na kuzuia maji yasifike kwenye ngozi.

Tandika gunia lililolowa juu ya saruji chini ya miguu yake. Mbwa wengi wanaosifiwa kwa kuchukia maji kwa kweli wanachukia kuteleza. Mfunge kwa kamba fupi ya kitambaa, na mtu anayemzoea ashike kichwa. Anayeweza kuuma afungwe mdomo kwa kitambaa laini: kitanzi juu ya pua, ncha zipishane chini ya kidevu, fundo nyuma ya masikio. Lakini mbwa aliyefungwa mdomo hawezi kuhema vizuri, kwa hiyo iwe dakika chache tu na kivulini, na asifungwe hivyo yule mwenye pua fupi au anayetapika.

Ndoo moja ya lita 20 na jagi inatosha, maji yakigawanywa vizuri. Lita 5 ni za kulowesha, ukianzia miguu ya nyuma kupanda mpaka shingoni. Kichwa kiwe cha mwisho, na kiwe cha kupanguswa kwa kitambaa, maana kichwa kikilowa tu mbwa hujikung'uta na kazi inaanza upya. Pamba kidogo kwenye kila sikio huzuia maji. Shampuu isimiminwe mgongoni kutoka kwenye chupa yake. Ichanganye mililita 30 katika chupa ya nusu lita iliyojaa maji, itikise, ndipo umwagie. Ikiwa nzito hubaki mahali pamoja, na pale ndipo panapobaki mabaki. Inunuliwe ya mbwa. Ikikosekana kabisa, shampuu ya watoto wachanga isiyo na marashi makali, mililita 15 kwa chupa hiyohiyo, ni afadhali kuliko sabuni yoyote ya kufulia. Ile dawa ya kuua vijidudu inayogeuka nyeupe ikigusa maji ni ya sakafu na vyombo. Kwa mbwa inawasha, na kwa paka ni sumu.

Mwenye viroboto aanze kuzungushiwa povu shingoni kama mkufu, kwa sababu maji yakigusa mgongo viroboto wote hukimbilia kichwani na masikioni. Sugua kwa ncha za vidole, si kwa kucha, dakika 3 hadi 5. Shampuu ya dawa, kama ile ya klorheksidini kwa ngozi yenye usaha, hukaa dakika 10 kwa saa ya ukutani. Ikikaa dakika 2 umepoteza hela.

Lita 15 zilizobaki zote ni za kusuuza. Uwiano huu watu huugeuza: wanamaliza maji kwenye povu na kusuuza kwa yaliyobaki. Mbwa anayejikuna makwapani na kinenani siku moja baada ya kuoga ana sabuni iliyokaukia huko. Endelea mpaka maji yanayodondoka tumboni yawe meupe na manyoya yalie chini ya kidole. Kanga kuukuu mbili hukausha vizuri kuliko taulo jipya, na usisahau katikati ya vidole, ambako unyevu huzaa ukungu. Kisha mfunge juu ya nyasi au saruji safi dakika 40. Ukimwachia atagaagaa kwenye vumbi mara moja, maana umemwondolea harufu yake na anaitafuta. Shampuu yenye marashi mengi humfanya agaegae zaidi.

Kwa nyumba nyingi za Waislamu, hasa pwani inayofuata madhehebu ya Shafii, mbwa ni mlinzi wa nje na majimaji yake ni najisi inayotakaswa kwa kuosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Hilo lisiwe sababu ya kumwacha mbwa aoze na kupe. Ndoo yake, jagi lake, kanga zake na brashi yake viwe vyake peke yake na vikae uani, mtunzaji avae glavu ndefu na nguo za kazi hiyo, na asiyepaswa kumgusa hatamgusa. Utaratibu huohuo unafaa kila nyumba. Kwenye jamii za wafugaji, ambako mbwa hula matumbo na maini ya mifugo iliyochinjwa, mayai ya mnyoo mdogo anayesababisha vifuko vya maji kwenye ini la binadamu hunata kwenye manyoya ya mbwa. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni kati ya sehemu zilizoathirika zaidi duniani. Huko dawa ya minyoo yenye prazikwanteli na kunawa mikono baada ya brashi vina uzito kuliko shampuu yoyote, na watoto wasilaliane na mbwa.

Masikio yaangaliwe kila wiki, yasafishwe pale tu yanapokuwa na uchafu. Tundu la sikio la mbwa hushuka chini kisha hukata kona kuelekea ndani, kwa hiyo kijiti cha pamba husukuma nta kwenye kona ile na kuishindilia. Weka dawa ya kusafishia masikio ya mbwa, papasa kitako cha sikio kwa nje sekunde 30 mpaka usikie majimaji, mwache ajikung'ute, kisha futa kinachoonekana kwa pamba iliyozungushwa kidoleni. Chotara wa masikio yaliyolala hupata ukungu upesi kuliko wa kienyeji wa masikio yaliyosimama. Huyu wa kusimama ana tatizo lake: nzi wanaouma humla ncha za masikio mpaka zikawa na magamba meusi ya damu. Safisha magamba kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, paka mafuta ya mgando, na uondoe kinyesi chake na mabaki ya chakula yanayowaita nzi hao.

Kucha za mbwa anayezurura husagika zenyewe. Za aliyefungwa au anayekaa kwenye kibanda hazisagiki, na ukisikia zikigonga sakafu anapotembea, ni ndefu. Ndani ya ukucha kuna nyama yenye damu na hisia. Ukucha mweupe unaionyesha kwa nje. Mweusi, ambao ndio wengi wanao, unakatwa vipande vya milimita 1 au 2, na baada ya kila kipande angalia uso wa mkato: mwanzoni ni mkavu kama chaki, kisha katikati hutokea kidoa chenye unyevu na mng'ao. Acha hapo. Ukikata nyama kwa bahati mbaya, bandika unga wa wanga mkavu na bana dakika 5 bila kuchungulia. Nyama hiyo hurefuka pamoja na ukucha, kwa hiyo kucha zilizoachwa mwaka mzima hazirudishwi kwa siku moja. Kata kidogo kila wiki, nayo itarudi nyuma yenyewe. Ukucha wa kidole gumba, ule wa juu usiogusa ardhi, ukaguliwe kila mara. Hujikunja kama pete na kuchoma nyama ya mguu.

Meno yasuguliwe kwa kitambaa kilicholowa, dawa ya meno ya watu isitumike, maana mbwa hatemi. Floridi yake huishia tumboni, na baadhi ya dawa hizo zina zailitoli, kiungo cha kutia utamu, ambayo kwa mbwa ni sumu kali.

Limebaki la dawa ya josho. Iliyo nyingi madukani ni amitrazi ya asilimia 12.5, yaani kila mililita ina miligramu 125. Kwa ng'ombe hupimwa mililita 2 kwa lita 1 ya maji, ikawa asilimia 0.025. Kwa hiyo ndoo ya lita 20 inataka mililita 40. Anayekadiria kwa kizibo au kwa jicho hufika mililita 100 bila kujua, na hapo mbwa ameogeshwa kwa nguvu mara mbili na nusu. Dawa hii haisuuzwi, inaachwa ikauke, kwa hiyo anailamba. Anaanza kusinzia, anayumba, anatoa udenda, moyo unapungua mapigo, mwili unapoa. Mwenye nyumba hudhani amechoka na kuoga. Dawa hiyo hutumiwa pia kwa mbwa wenye upele, lakini kwa maelekezo ya daktari wa mifugo aliyemwona mbwa mwenyewe, ikipimwa kwa bomba la sindano, kwa glavu, na kamwe si kwa mtoto wa mbwa wa chini ya miezi 4 wala kwa jike anayenyonyesha. Dawa za kumwaga mgongoni mwa ng'ombe zimetengenezwa kwa mnyama wa kilo 300. Mbwa wako ana 18.

Sindano ya ng'ombe ya ivermektini, dawa ya kuua minyoo na wadudu wa ngozi, ni hatari ya namna nyingine. Baadhi ya mbwa wa jamii ya wachungaji, Collie wakiongoza, wana kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa hii kuingia kwenye ubongo, na kipimo cha kawaida cha ng'ombe, mikrogramu 200 kwa kilo, kinaweza kuwaua. Kwa chotara, nani anamjua babu yake? Tumia vya mbwa: tone la mgongoni, dawa ya kupuliza ya fiproni, au kidonge kilichopimwa kwa uzito wake. Tone la mgongoni liwekwe siku mbili kabla au baada ya kuoga, vinginevyo shampuu inaliondoa.

Hata dawa iliyo bora itashindwa kama kibanda hakijaguswa. Kupe jike wa kahawia akishiba hushuka, hupanda ukutani na kutaga hadi mayai 4,000 ndani ya nyufa. Watoto wake husubiri miezi bila kula. Nyufa zizibwe kwa saruji, gunia la kulalia lichemshwe na kuanikwa juani kila wiki, sakafu ya kibanda iinuliwe sentimita 15 kutoka ardhini, na dawa ya ukutani irudiwe baada ya wiki mbili, mbwa akiwa ametolewa mpaka pakauke.

Mwenye manyoya yaliyofifia licha ya yote hayo aangaliwe chakula. Ugali mtupu hauna cha kujenga unywele. Dagaa na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti kwa siku huonekana kwenye koti baada ya wiki 6 hivi. Na ukiwa na brashi mkononi, inua mdomo uone fizi, au kama fizi zake ni nyeusi kwa asili, vuta kope la chini. Ndani pawe pa waridi. Pakiwa peupe, au joto lake likipita nyuzi 39.5 wakati la kawaida ni 38 hadi 39.2, au mkojo ukiwa mweusi, acha brashi na mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, kwa kuwa homa ya kupe hutibika ikiwahiwa.

Ombi langu kwa maafisa mifugo wa kata na kwa wenye maduka ya dawa za mifugo ni moja. Dawa ya josho isipimiwe tena kwenye chupa ya soda isiyo na maandishi. Anayenunua mililita 50 anastahili karatasi iliyobandikwa inayotaja jina la kiini cha dawa, asilimia yake, mililita ngapi kwa lita ngapi, na mnyama gani asiogeshwe nayo. Bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano, liuzwe pamoja nayo.

Wasalaam,

Mfugaji wa mbwa,
Morogoro